Elikana Leonardi na Majina Kumi na Moja

Ndugu, jamaa na majirani wa Rusimbi, tunayemsindikiza leo ni Elikana Leonardi: baba, babu na karani. Haya ndiyo maisha yake, pamoja na kosa lake, kwa kuwa mwenyewe aliagiza lisirukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 katika kijiji cha Mwamgongo, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, mtoto wa tatu wa Mzee Leonardi na Bi. Marcelina, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari mjini Kigoma hadi 1984. Tangu darasa la nne aliwasomea barua wazee wasiojua kusoma. Wenzake walikuwa wakimvizia njiani: "Eli, mzee kaandikiwa nini?" Naye hujibu: "Kaandikiwa yeye."

Mwaka 1986 alihitimu kozi ya ukarani na upigaji chapa mjini Tabora. Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa na Dorotea, wakajaliwa watoto watatu: Diana, Meshack na Rodgers. Bibi Dorotea anasimulia kwamba katika miaka yote thelathini na minne ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. "Unakula na mimi, unalala na mimi, halafu unanificha nani anaumwa mtaani?" Marehemu alimjibu, "Nakuficha ya watu, Mama Diana. Yangu yote unayo."

Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa masijala ya Kituo cha Afya Nyota ya Mwambao. Kila barua aliipeleka kwa mkono, na aliyeipokea alisaini kitabu. Kompyuta ilipoletwa mwaka 2011, alichapa kwa vidole vyote kumi, haraka kuliko madaktari. Haraka hiyo ndiyo iliyomponza.

Jumanne ya tarehe 13 Mei 2014 alitakiwa kukitumia chama cha wauza dagaa wa Kibirizi tangazo la siku ya usafi. Kwenye barua pepe akaambatisha faili lingine: orodha ya watu kumi na mmoja waliotibiwa kifua kikuu. Chama hakikuwa na kompyuta. Anwani yake ilikuwa ikifunguliwa kwenye steshenari, na mwenye duka, Bwana Mwinshehe, alikuwa ameombwa achape kila kinachoingia na kukibandika ubaoni sokoni. Naye akabandika. Kabla ya saa kumi jioni orodha ilikuwa imepigwa picha na simu zisizohesabika.

Jina la tatu lilikuwa la Mama Veneranda, muuza dagaa. Limeandikwa hapa kwa ruhusa yake; wiki hii alipoulizwa alisema, "Safari hii nimeulizwa. Andikeni." Alikuwa amepona kabisa, lakini wateja walilikimbia turubai lake kana kwamba dagaa ndio wanaokohoa.

Mkuu wa kituo alishauri waseme mtandao umekosea. Marehemu akakataa. "Mtandao hauna mikono, daktari. Nimetuma mimi." Akapanda bodaboda hadi Kibirizi, akaibandua karatasi, akamwendea Mama Veneranda. "Mwakeye," alisalimu kwa Kiha. Mama Veneranda akaendelea kupanga dagaa wake.

"Mama, ni mimi niliyetuma."

"Kifua mmeniponya," Mama Veneranda akamwambia, "jina mmeliua."

"Nifanye nini?"

"Ninachotaka huwezi. Nataka watu wasijue. Utawatoa vichwa? Basi hao wengine watakaokuja kwenu kesho, wasije wakawekwa ubaoni."

Akampa ile karatasi. Mama Veneranda akaichoma kwenye jiko lake la mkaa, wote wawili wakitazama mpaka ikaisha.

Marehemu alipewa barua ya onyo, akaipanga mwenyewe kwenye faili lake. Kisha, akiwa na miaka arobaini na minane, akaenda kufundishwa na fundi wa kompyuta, Bwana Samson, mwenye umri wa mwanawe. Wawili hao walitengeneza utaratibu ambao barua pepe ikiingia kituoni, kompyuta yenyewe inaisoma na kuipeleka kwa anayehusika. Ya mgonjwa humfikia muuguzi wake peke yake. Faili la mgonjwa linafungwa kwa neno la siri, na kila anayelifungua jina lake na saa vinabaki vimeandikwa. Anayetaka kulituma nje, mashine inamzuia kwanza na kumuuliza: unamtumia nani, na kwa nini?

Wajukuu walimuuliza, "Babu, barua inajuaje njia?" Alicheka. "Haijui. Nimeifundisha, kila ikikosea naisahihisha." Na ilikosea kweli! Mwezi wa kwanza ilipeleka mwaliko wa harusi maabara, na wa maabara wakaenda, wakala pilau. Lakini ilijifunza. Kuanzia mwaka 2015 hadi leo, hakuna jina la mgonjwa wa kituo hicho lililotoka nje bila ruhusa ya mwenyewe. Mama Veneranda naye wateja walimrudia pole pole. Wa kwanza kurudi kununua, mchana kweupe, alikuwa Bibi Dorotea.

Marehemu alianza kuumwa figo mwezi Machi 2025. Ugonjwa wake unatajwa kwa sababu alisema, "Wangu semeni, ni wangu." Alitibiwa hospitali hapa mjini, na hata akiwa kitandani, muuguzi akiinuka mezani alimuuliza, "Binti, umefunga mashine?" Wauguzi wakawa wanamtania: "Tumefunga, Mzee, na wewe ulale sasa." Alilala jioni ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bibi.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, na utaratibu unaofanya kazi hata saa hii tunapomzika. Ninyi wengine kumi wa orodha ile huenda mmesimama hapa kati yetu. Watoto wake hawawajui, mkewe hawajui, maana picha zile hawakukubali kuzitazama, na yeye aliyewajua hakumwachia mtu jina hata moja.

Mungu ampumzishe kwa amani Elikana Leonardi. Amina.