Upande wa Kulia wa Lango: Maisha ya Babu Yetu, I Nengah Redita

Kila asubuhi, kabla masimbi ya kahawa hayajatuama kikombeni, Babu alichukua matofali mawili, akayamwagia maji kwa kifuu, akayasugua moja juu ya jingine. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayepumua usingizini. Sisi wajukuu tulizaliwa tukaikuta. Juzi Jumamosi haikusikika.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 huko Mengwi, mtoto wa pili wa fundi wa malango ya mahekalu. Aliishia darasa la tatu. Yeye na kaka yake, I Wayan Gerebig, walijifunza kwa baba yao kujenga bila saruji: tofali husuguliwa juu ya mwenzake kwa maji mpaka utoke uji mwekundu, kisha yanashikana yenyewe. "Yasugueni mpaka yaache kubishana," baba yao aliwaambia.

Mwaka 1971 alibatizwa, akamwoa Bibi, Ni Luh Sukerni, wakahamia hapa Margasari. Bibi anasimulia kwamba asubuhi ya kwanza ya ndoa alimkuta ameinamia matofali.

"We mwanamume, unayasaga au unayabembeleza?"

"Ngoja zamu yako," Babu akajibu bila kuinua kichwa.

Bibi huicheka hiyo hadi leo. Hata jana aliicheka.

Mwaka 1974 kanisa letu lilitaka lango la mapande mawili yaliyoachana katikati, kama malango ya kwao Mengwi. Babu akamwita kaka yake, ambaye si Mkristo, naye akaja. Babu alijenga kushoto, kaka yake kulia. Upande wa kulia ulikuwa umebakiza kilele tu baba yao alipofariki. Siku ya kumchoma baba kwa desturi ya dini yake ya Kihindu, Babu aliogopa maneno ya wenzake wa kanisani. Akasimama ng'ambo ya barabara, hakubeba jeneza.

"Nengah, umemtazama baba kama mpita njia," kaka yake akamwambia. "Haya, na mimi napita."

Hakukanyaga tena Margasari.

Watu walizoea kumtania Babu: "Mzee, lango lako linachechemea!" Mafundi walijitolea kulimalizia. Aliwakatalia wote, naye mwenyewe hakuligusa kwa kazi. "Upande ule una mwenyewe," alisema.

Kuanzia 2016 mapafu yalimsumbua. Daktari alimkataza vumbi. "Vumbi gani?" akasema. "Mimi nashika uji." Julai mwaka huu alishindwa kupanda ngazi za kanisa. Akawa anakaa chini, analitazama lango.

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Agosti 2019, jioni, barazani kwa kaka yake, Mengwi. Babu Wayan anasema hawakuongea mengi. Babu alifungua kitambaa, akatoa matofali mawili.

"Umechelewa, we mtoto," kaka yake akasema, akaenda kuleta maji.

Kila mmoja akashika lake, wakasugua, wakapumzika, wakasugua tena, mpaka Babu akaegemea nguzo kama aliyesinzia. Jana Babu Wayan alikuja na matofali yale. Yameshikana, hayaachani. Aliyapandisha hivyo hivyo juu ya upande wa kulia. Mtakapotoka, tazameni juu.

Marehemu ameacha mjane, Ni Luh Sukerni, watoto wawili, I Gede Sutapa na Ni Kadek Armini, wajukuu watano, na kaka yake, I Wayan Gerebig, ambaye leo ameketi nasi mbele.

Asubuhi ile ya Ijumaa Babu alivaa shati lake la kanisani.

"Na kifua hicho, unakwenda wapi?" Bibi akamuuliza.

"Kwa Kaka."

"Utarudi kula?"

"Wekeni tu."

Ukungu ulikuwa bado umelala njiani. Alipita katikati ya lango, akagusa upande wa kulia kama kawaida yake, akaingia kwenye ukungu na furushi lake, bila kugeuka. Amani ya Mungu imlaze huko alikofika.