Shati Jeupe la Mama Khadidja

"Filamu ile ni ya uongo," alisema baba aliyekaa mbele yangu kwenye basi la Buyenzi kwenda Rohero. Kwenye filamu hiyo, baba asiye na nyumba analala garini na mtoto wake miezi sita, mwishowe anakuwa fundi mkubwa.

"Uongo wapi?" aliuliza mama wa pembeni yake. "Mi nililia."

"Mama, miezi sita hakuna hata jirani mumoja wa kumuita! Mi wakati wa vita nilikimbia risasi mutaa wa Kamenge na mutoto mugongoni, nikagonga mulango wa kwanza. Mwenye nyumba, Mama Khadidja, hakuuliza kabila. Alitandika mukeka, mpaka leo tuko kwake."

"Kule kwa Wazungu kila mutu na mulango wake."

"Basi ni maskini kunishinda!"

Nilicheka, mimi ninayeona haya hata kuomba kushuka.

"Na we unaenda wapi na shati nyeupe hivyo? Arusini?" mama alimuuliza yule baba.

"Gereji. Leo wananijaribu kazi."

"Gereji! Na nyeupe!"

"Ya marehemu bwana ya Mama Khadidja. Alfajiri aliipiga pasi mwenyewe. Ningekataa namna gani?"

"Ukipata kazi, utahama kwake?"

Basi lilisimama. Baba alishuka polepole, mikono juu, shati lisiguse mlango.