Kona ya Mfuko wa Nailoni

Katika basi la UDA la Pugu, mama mmoja alikuwa akimsimulia binti aliyeketi naye. “Mbuzi wangu nilimlea kwa uji, mwanangu. Kakonda, kakonda, mpaka tukamchinja. Tumboni tukakuta mfuko wangu wa nailoni, ule niliouanika mwaka jana nikadhani majirani wameniibia!” Binti akamshika mkono. “Pole, mama. Mkautupa?”

“Nitupe nailoni? Nimeufua. Si huu hapa, nampelekea mjukuu maandazi.” Hata mie niliyeketi nyuma yao ningeufua, zamani hizo nailoni ilikuwa mali.

Binti akaugeuza taratibu. “Mbona kona moja haipo?” “Kipande hicho hatukukiona.” “Na supu ya utumbo aliinywa nani?”

Basi likasimama. “Mjukuu,” akasema mama, akashuka ameyakumbatia maandazi.