Mama Mko-Wangapi na Watu Wake Mia Tatu na Mmoja

Ndugu waombolezaji na majirani wa pande zote, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi mtoto wa kaka yake, nimechaguliwa kwa sababu sauti yangu inafika mpaka machimboni bila spika, ila niliishia darasa la sita, nikikwama kwenye herufi nivumilieni.

Shangazi yetu, mliyemwita Mama Mko-Wangapi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1952, nyumba ya tatu kutoka kisimani, akalia kwa nguvu mpaka kuku wakagoma kutaga wiki nzima. Shule alianza Januari 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, na kwenye hesabu alikuwa anamsahihisha mwalimu mpaka mwalimu akaomba uhamisho.

Mwaka 1971 akawa karani wa kijiji, anapita nyumba hadi nyumba na daftari, anauliza mko wangapi, mnaishi kwa kazi gani, nyumbani mnaongea lugha gani, na kwenye kipato wanaume wote tulikuwa tunamdanganya, wenzangu wakijifanya maskini, mimi nikijifanya tajiri. Tarehe 12 Agosti 1974 aliolewa na fundi baiskeli, mtu wa kuja, lugha yetu akiiongea kama anatafuna kokoto, wakajaliwa watoto wanne, wote wanaishi mjini, hawa hapa mbele.

Alipoanza kazi tulikuwa watu 640, wote wakulima, baadaye mashamba yakachoka, vijana wakaondoka, na mwaka 2019 ofisi ya wilaya ikaandika kwamba tukiwa chini ya 300 zahanati inafungwa, tukatibiwe ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa tano kwa miguu. Shangazi akahesabu, akapata 248. Kijiji kizima tukamwambia aandike na walioko mjini, nani atajua, mimi mwenyewe nikampelekea majina ishirini, mengine ya mbuzi, akayakata yote, na jina la mwanawe wa kwanza akalikata kwanza.

Kisha akashuka machimboni, kwenye mabanda ya wavunja mawe, watu waliokuja na wake zao na watoto, miaka sita tunawaita wapita njia na hatujawahesabu hata siku moja. Mwenyekiti akamfuata kuuliza hao wanatuhusu nini, naye akamjibu, "Anayechota maji kisimani kwetu namwandika, wewe kama hutaki nenda ukamnyang'anye ndoo." Akaandika watu 61, tukawa 309, lugha tano, na kipato kinachotuzidi sisi wenye kijiji, aibu yetu, na zahanati ikabaki.

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2022, akatibiwa kwenye zahanati hiyo hiyo, akafariki humo tarehe 9 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, muuguzi amemshika mkono.

Tunamshukuru daktari na muuguzi, majirani, makarani wenzake, na wavunja mawe waliochimba kaburi kwenye mwamba uliotushinda sisi wenyeji. Tangu hesabu ile tumepungua wanane, juzi tulikuwa 301, leo bila yeye tuko 300 kamili, na ofisi inakuja kuhesabu tarehe 3 mwezi ujao, kwa hiyo kabla ya hapo sitaki kusikia mtu amekufa, na nyinyi wanne wa mjini, anayetaka kuandikwa arudi alale hapa, kwa sababu daftari sasa ninalo mimi, na mbuzi siandiki tena.

Shangazi, umetuhesabu miaka hamsini na mbili, sasa kaa chini. Pumzika kwa amani.