Alexis Nduwayo Avua Viatu vya Raga

Tarehe 30 Novemba 2025, Alexis Nduwayo anastaafu uchezaji baada ya miaka kumi na mmoja na ushee katika klabu yetu ya Koppie Rovers, hapa Randburg. Sisi wafanyakazi tunaozungumza Kiswahili tumeomba ukurasa huu wa kijitabu cha sherehe ili tumuage kwa lugha aliyotutania nayo muda wote huo.

Alexis alifika Johannesburg kutoka Bujumbura akiwa na miaka tisa, pamoja na Mama Spès, mzazi wake, anayeshona nguo Hillbrow hadi leo. Raga aliijulia shuleni. Mara tatu alikwenda kwenye majaribio ya vijana, na mara tatu jina lake halikuonekana ubaoni. Walimwona mfupi. Akaenda kupakua makochi kwenye duka la samani.

Februari 2014 wachezaji wetu wanne waliumia kwa mkupuo, na kocha akatafuta mtu wa kushika ile mito mikubwa ambayo wachezaji huigonga mazoezini. Kibarua cha wiki mbili. Alexis akaja na viatu vya kuazima. Siku ya tisa kocha alimpa mpira, nadhani kwa mzaha tu. Mabeki wawili wenye miili walimrukia. Akapita katikati yao ameinama, utadhani anatafuta funguo. Wiki ile ile akasaini mkataba.

Amecheza mechi 143 na kufunga trai 38, yaani mara 38 ameugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Nyingi zilikuwa za mita tatu za mwisho, watu wakimning'inia mgongoni. Safarini alibeba sufuria yake ya maharagwe, na ilipomwagika, eish, basi lilinuka hadi Bloemfontein.

Juni 2021 aligongwa kichwani. Aliinuka, akaenda kusimama upande wa wapinzani. Léocadie, mtaalamu wetu wa viungo, alimkimbilia.

"Alexis, leo tunacheza na nani?"

"Dada, usinitoe. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao."

"Sikukuuliza mkataba."

Alexis angeweza kutazama jezi zao akabahatisha. Akasema, "Sijui, dada," akatoka mwenyewe, analia.

Mkataba haukuongezwa. Kwa miezi mitano alifanya mazoezi kwa kupanda na kushuka ngazi za jengo lao Hillbrow, orofa kumi na nne, huku mkewe Ariane akilisha nyumba kwa kusuka nywele. Daktari alipomruhusu, alirudi kwetu na kuomba tena kushika mito. Januari akasajiliwa upya.

Tangu hapo kila mchezaji mgeni alikalishwa chini na Alexis. "Ukiulizwa kichwa, sema kweli. Mimi nilisema, na bado nipo." Léocadie anasema wachezaji kumi na mmoja wametoka uwanjani kwa kusema kweli wenyewe. Hesabu hiyo haipo kwenye takwimu za klabu, ndiyo maana nimeiandika hapa.

Mwaka huu daktari alimwambia anaweza kucheza msimu mmoja zaidi. Alexis alifikiri siku mbili, akarudi na jibu: "Inatosha. Nataka kuzeeka nikiwajua wanangu kwa majina."

Alexis, asante kwa yote. Uwajue wanao, uwajue na wajukuu; magoti yasikusumbue msimu wa baridi, na maisha yako na Ariane yawe mema na marefu.

Bakiri, mtunza vifaa, kwa niaba ya wenzake