Kiti Kilichoupa Mlango Kisogo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa maabara. Alihudumu miaka thelathini na mmoja katika shule ya bweni, nasi wanafunzi tulimwita Mzee Kipimo, kwa kuwa hakuamini jambo lolote lisilopimwa. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita. Amefariki hospitalini, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Mliopita mikononi mwake mnaikumbuka sheria yake: ukimwaga tone moja, unafuta meza nzima. Mimi niliifuta mara nne, na sijutii.

Alipostaafu, mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na mwanawe wa pekee alifanya kazi nchi ya mbali. Ndipo aliponunua tangi la kioo, akalijaza maji ya chumvi, akafuga anemoni wa baharini. Kwa asiyemjua, huyo ni mnyama anayefanana na ua: ana mguu mmoja wa kunatia jiweni, na minyiri laini inayopepea majini.

Wawili wa kwanza walikufa. Tangi lilikuwa na wiki tatu tu, maji hayajatengemaa. Mzee Kipimo aliliandika kosa lake daftarini, akasubiri miezi minane, ndipo akanunua wa tatu. Huyu alidumu, mwaka baada ya mwaka, hadi wa kumi na moja.

Lakini alikuwa mtembezi. Mzee alimweka katikati, mbele ya kiti chake. Asubuhi akamkuta pembeni. Akamrudisha. Akahama tena. Mara ya tatu mguu ulichanika, na muuza samaki aliyemuuzia anemoni huyo akamkemea: "Mzee wangu, huyo si pambo la kabati. Akipata mwanga na mkondo anaoutaka, atatulia mwenyewe. Mwache."

Mzee akamwacha. Akahamisha kiti.

Kiti hicho, wasikilizaji wapendwa, kikaishia kuupa mlango kisogo. Mwanawe alikiona kwenye simu ya video, akatania: "Baba, mgeni akiingia utamwonaje?"

"Mgeni yupi?" akauliza mzee.

Mwana anasema aligeuza mazungumzo. Akaulizia hali ya anemoni.

Mzee alipolazwa, ufunguo alimwachia jirani yake, fundi cherehani. Agizo lilikuwa moja: maji yakishuka chini ya alama, aongeze maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji hupaa, chumvi hubaki. Mama huyo aliongeza kila asubuhi, kisha akaenda hospitalini kutoa taarifa. Siku ya mwisho hakuweza kudanganya.

"Amesinyaa, kaka."

"Ana harufu?"

"Hana."

"Basi yu hai. Anatoa maji machafu tu. Msimguse."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwake.

Mwana alifika Alhamisi. Akamkuta anemoni amejikunja kama soksi kuukuu, akachukua wavu amtoe. Fundi cherehani akamshika mkono: "Mnuse kwanza, mwanangu."

Akachovya vidole karibu na yule mnyama, akavinusa. Harufu ya bahari tu. Akauweka wavu chini, akaketi katika kiti cha baba yake. Alasiri minyiri ikaanza kutoka, mmoja mmoja. Fundi cherehani anasema kwamba alipoingia na chai, alikiona kisogo kilekile cha mzee, akarudi mlangoni akabisha hodi.

Safari ya mwana ya kurejea kazini ilipangwa kuwa jana. Leo asubuhi yeye mwenyewe ameongeza maji hadi kwenye alama.

Kwake, na kwa mama huyo aliyekuwa dada pasipo damu, tunatoa pole za dhati. Nasi tuliofunzwa na marehemu tulikuwa mamia, na nyumba yake tuliijua. Tulimpigia simu sikukuu, mlangoni hatukufika. Simu si hodi, wasikilizaji wapendwa. Kila mmoja wetu apime alichomwaga, kisha afute meza nzima.