Bi. Geum Sun-deok na Panya Waliosinzia

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi. Geum Sun-deok, fundi mwandamizi wa maabara yetu hapa Andong, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi.

Alipoajiriwa, taasisi hii ilikuwa chumba kimoja cha kupima uimara wa nyuzi za bangi, zile zinazofumwa kuwa kitambaa. Mama yake alikuwa mfumaji, mmoja wa wale waliochana nyuzi kwa meno na kuziungia juu ya paja hadi ngozi ikasugulika. Bi. Geum aligusa uzi na kusema utakatikia wapi. Tulimcheka, hadi mashine ilipoanza kumuunga mkono.

Baadaye tukaingia kwenye plastiki inayotengenezwa kwa mabua ya bangi. Sahani ya kwanza aliyoikanda mwenyewe alimwekea Dk. Pyo, mkuu wetu, chakula cha mchana juu yake. Mchuzi wa kimchi, kabichi yetu iliyochachushwa kwa pilipili, ukapenya taratibu hadi kwenye suruali yake nyeupe. Bi. Geum aliandika kwenye daftari: "Imevuja baada ya dakika kumi na moja." Ndipo akaleta kitambaa. Leo trei za miche zinazotokana na kazi ile zinatumika katika mashamba ya tufaha ya wilaya nzima.

Lakini ninachotaka kikumbukwe ni kile cha mwaka 2021. Tulikuwa tumeruhusiwa kuchunguza kanabinoidi, zile kemikali za maua ya bangi, kutafuta dawa ya maumivu. Ya saba kati ya tulizozijaribu ilitushangaza sote. Panya waliopewa waliwekwa juu ya sahani ya moto kiasi, nao hawakuinua miguu upesi kama wenzao. Dk. Pyo aliwaalika wakubwa kutoka Seoul waje wasikie matokeo.

Siku hizo vidole vya mama yake Bi. Geum vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, hata kushika kijiko ilikuwa kazi. Kila jioni kikongwe alimuuliza, "Ile dawa yenu imefika wapi?" Hakuna mtu katika jengo hili aliyetaka namba saba ifaulu zaidi ya binti yake.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, aliingia ofisini kwa Dk. Pyo nami nikiwamo.

"Daktari, wale panya hawajapona maumivu. Wanasinzia."

"Bi. Geum, takwimu zote ziko sawa."

"Takwimu zinasema hawakuinua mguu. Nimewaweka juu ya fimbo inayozunguka, wakaanguka wote. Aliyelewa usingizi hainui mguu hata ukimchoma."

Dk. Pyo alikasirika, na ameniruhusu niandike hivyo. Alimwambia kazi ya fundi ni kupima, si kufasiri matokeo. Bi. Geum akajibu kwa upole kwamba ndiyo, amepima, akaweka karatasi mezani na kutoka. Dk. Pyo aliisoma karatasi ile hadi mwisho. Kisha akapiga simu Seoul kuahirisha mkutano. Jaribio tulilirudia kwa wiki sita, na namba saba ikaondolewa kwenye orodha.

Jioni ya siku ilipoondolewa, Bi. Geum alimweleza mama yake kwamba dawa imeshindwa na kwamba yeye ndiye aliyegundua. Kikongwe akasema, "Basi nipake ile ya duka la dawa. Mikono yako ina joto." Alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata, bila dawa yoyote yetu. Bi. Geum alirudi kazini baada ya siku tano na kuomba kitu kimoja tu: kila kemikali ipimwe kwanza kama inalevya, ndipo ipimwe kama inatuliza. Hiyo sasa ndiyo kanuni ya maabara. Kemikali tisa zimeangukia hapo. Moja imevuka, na mwezi uliopita ilipelekwa kwa madaktari kuendelea nayo.

Bi. Geum anakwenda kumsaidia mumewe katika shamba lao la tufaha, na ametuonya tusimpigie simu wakati wa kuvuna.

Asante, Bi. Geum. Umetufundisha kukataa jibu tunalolipenda. Afya iwe nawe, matawi yazae, na siku zako ziwe nyepesi.